Kiti cha Tatu

Mwembesongo, Morogoro
9 Februari 2003

Dada Scholastika,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mwanvita akipanda Nyandira kununua njegere zenu. Mpe chai, lakini usimpe maneno, maana ukimpa neno moja huko juu anashuka nalo Mwembesongo limeshazaa mapacha.

Sasa kaa chini. Umekaa? Faraja anakwenda India. Wewe unakwenda naye. Na nauli hamtoi hata senti.

Najua umesonya. Unasema Kondo ameanza. Haya, mimi ndiye niliyeishia kidato cha pili, na mwalimu wa hesabu alisema kichwa changu kinafaa kubebea ndoo. Lakini leo nani anakaa mbele ya kompyuta kwenye intaneti ya Said, na watu wa Mzumbe wenye digrii zao wanapanga foleni, "Kondo kaka, nisaidie, imeganda"? Naikunjia uso, nabonyeza, inaganduka. Mara nyingine nachomoa waya na kuurudisha tu, lakini wao hawajui, na wewe usiwaambie.

Sikiliza mpango. Mjomba Thobias ni mpishi wa nyumba ya wazee huko Leicester, hilo unalijua. Usilolijua ni hili: vyakula vyote vya wale wazee ananunua kwa kadi yake ya mkopo, halafu mwenye nyumba anamrudishia. Kila akinunua, benki inamwekea pointi. Pointi ni nini? Unakumbuka tulivyokuwa tunaokota vizibo vya soda pale stendi, ukipeleka vingi unapewa fulana? Ndiyo hizo. Mjomba ana vizibo vya miaka na miaka. Na mashirika ya ndege nayo yana vizibo vyake, wanaviita maili. Unahamisha vya benki kwenda kwa watu wa ndege, nao wanakupa kiti. Kwisha.

Amenipigia hapa kwa Said. Anasema pointi zote ni za Faraja. Kompyuta anaiogopa kama nyoka, kwa hiyo mhamishaji mkuu ni nani? Usiseme, nitavimba.

Mwambie Padre Petro asante sana, mchango wa parokia ampe mwingine mwenye shida. Sisi tuna mjomba.

Mwambie Faraja atakaa dirishani.

Ni mimi, mjomba wa Faraja (anza kunipa heshima yangu),
Kondo

*

Nyandira, Mgeta
16 Februari 2003

Mdogo wangu Kondo,

Marahaba. Barua nimeipata. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka.

Faraja hajambo kidogo. Kupanda kutoka kisimani hawezi tena, nambeba. Akilia midomo inakuwa kama amekula zambarau, kwa hiyo hapa nyumbani hatumlizi. Hata kumchapa kwa utundu tumeacha, naye kashalijua hilo, anatutawala.

Sasa nijibu kama mtu mzima. Daktari wa misheni amesema nafasi ya India ipo, upasuaji wafadhili watalipa, lakini nauli ni juu ya mzazi, na lazima tufike kabla ya mwezi wa tano. Mchango wa Padre unatosha mgonjwa mmoja na wa kumsindikiza. Yuko pia Glory wa Yohana, wa kijiji cha Bunduki, moyo wake una tundu kama wa Faraja. Padre ametutanguliza sisi kwa sababu wetu ana hali mbaya zaidi. Nikisema sitaki, anampa Glory, na hakuna mchango mwingine mwaka huu, bei ya kabichi imeanguka.

Hilo jambo la vizibo ni la kweli? Umeliona kwa macho? Usinijibu kwa mbwembwe.

Faraja anauliza, ukiwa kwenye ndege juu ya mawingu, mawingu kwa chini yanafanana na ukungu wa hapa Nyandira? Nimemwambia mjomba Kondo ndiye mjuzi.

Dada yako,
Scholastika

*

Leicester
20 Februari 2003

Mpwa wangu Kondo,

Natumaini u mzima. Mimi nipo, baridi imenishika magoti.

Neno la siri la kadi yangu nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Ukishalisoma lichane. Nisikilize vizuri sasa, maana wewe una tabia ya kusoma mstari wa kwanza na wa mwisho.

Nimesoma kikaratasi cha benki kwa miwani yangu yote miwili. Pointi zinaweza kwenda kwa mashirika mawili yanayoruka kutoka Dar kwenda India. Moja ndege zake zina mkia wa njano. Hao wanachukua pointi kama zilivyo, na maili zao unaweza kumkatia tiketi mtu yeyote umtakaye. Zitatosha viti viwili, Scholastika na mtoto. La pili lina mkia wa zambarau. Hao mwezi huu na ujao wanazidisha mara mbili, lakini wanasema tiketi ni za familia ya mwenye kadi tu: mke, mzazi, mtoto. Mimi sina mke wala mtoto niliyemzaa. Ila watoto wa dada yangu ndio wanangu, na kama watauliza, andika hivyo, maana ndiyo kweli.

Hata hivyo usibonyeze kitu kabla hujakwenda ofisini kwao Dar kuwauliza kwa mdomo. Pointi zikishatoka benki kwenda kwa watu wa ndege hazirudi. Nimepigia mstari: hazirudi.

Nilikuwa naziweka ili siku moja nije. Nilipoondoka mama yenu alikuwa hai. Lakini kaburi lake litanisubiri, mtoto hawezi. Mpeleke kwanza.

Mjomba wako,
Thobias

*

Mwembesongo
8 Machi 2003

Mjomba Thobias,

Shikamoo mjomba. Kazi imekwisha! Mkae huko na wazungu wenu, hapa Morogoro kuna vijana.

Nimewachagua wa zambarau. Mjomba, mara mbili! Mtu anakuwekea mezani sahani mbili kwa bei ya moja, wewe unang'ang'ania moja kwa nini? Tena zimetosha viti vitatu. Scholastika, Faraja na mimi. Usikasirike. Fikiria mwenyewe: dada hajawahi kuvuka hata Chalinze, Kiingereza chake ni "good morning teacher". Nani atawasemea huko India? Atasemea mjomba wa mtoto. Na mimi nipate kuruka, niache kuwasikia hawa wa Mzumbe wakihadithia Johannesburg kana kwamba wameiumba.

Walipouliza "nani wako," nimeandika wote watatu ni watoto wako. Kompyuta ikakubali, haikupinga hata kidogo. Kama kuna ubaya ingekataa.

Dar sikwenda. Said hakunipa ruhusa, na nilipopiga simu ililia tu. Lakini ofisini wangeniambia nini ambacho kioo hakijaniambia? Nimeona kwa macho yangu maili zimeingia, zimejipanga kama askari kwenye gwaride.

Neno la siri nimelichana. Vipande nimemlisha mbuzi wa jirani, hapo hata polisi hawatoboi.

Mpwa wako, rubani mtarajiwa,
Kondo

*

Mwembesongo
9 Machi 2003

Dada,

Shikamoo. Uliuliza kama nimeona kwa macho. Nimeona. Zimehamishwa, zimeingia, zimezaa. Mwambie Padre Petro amwachie Glory ile nafasi, leo hii, kwa moyo mweupe. Wasije wakasema watu wa Thobias wana roho ya kula kotekote.

Na jiandae kwa jambo jingine: tunakwenda watatu. Nitakuwa mkalimani wako. Ukitaka maji unaniambia, mimi namwambia mhudumu, yeye anasema "yes sir". Sir ndiyo mimi.

Mwambie Faraja mawingu yanafanana na ukungu lakini yana sukari.

Kondo

*

Nyandira
17 Machi 2003

Mdogo wangu,

Marahaba. Jana baada ya misa nimemwambia Padre. Akasema, "Mama Faraja, una hakika?" Nikasema mdogo wangu ameona kwa macho yake. Mke wa Yohana alipiga magoti mbele yangu pale uwanjani, nikaona haya, nikamwinua. Wanaondoka na Glory mwisho wa mwezi huu.

Pasi zetu tunazo, Padre alishatusaidia tangu Januari; anakuletea Mwanvita pamoja na barua hii. Sasa nipe tarehe. Daktari anataka tarehe.

Faraja amefungasha begi lake. Ameweka gauni la komunio, kiatu kimoja (cha pili hakionekani, anasema ndani ya ndege hakuna kutembea), na mapichesi mabichi ya kuwapelekea Wahindi. Kila asubuhi anayatoa, anayahesabu, anayarudisha. Amewaambia watoto wenzake wote. Aliyemwambia anadanganya amemtupia jivu.

Usiku anakaa wima, akilala pumzi haitoshi. Nipe tarehe, Kondo.

Dada yako

*

Mwembesongo
2 Aprili 2003

Mjomba,

Shikamoo. Nimekwenda Dar. Naandika kama ilivyokuwa, sitatia chumvi.

Kompyuta ilinikatalia kuchagua siku. Kila nikibonyeza inasema fika ofisini. Nikafika, nimevaa shati la Said. Dada wa kaunta ana kucha ndefu, akaziona pasi.

"Faraja Stefano. Wewe ni nani wake?"

"Mjomba."

"Na huyu Thobias mwenye akaunti?"

"Mjomba wetu sisi. Baba yetu, yaani."

"Mjomba au baba?"

"Kwetu Uluguruni ni mmoja, dada. Sisi ni wa ukoo wa mama. Watoto wa dada yake ndio watoto wake. Muulize Mluguru yeyote."

"Sina Mluguru hapa kaunta," akasema. "Nina cheti cha kuzaliwa. Mnacho chenye jina la Thobias kama baba?"

Nikamwambia baba wa Faraja yuko Kilosa na mke mwingine, hata njegere hajamtumia, na aliyenisomesha mimi ni Thobias, na aliyemzika mama ni Thobias kwa hela alizotuma. Nikamwambia pia mtoto mwenyewe midomo inageuka rangi kama mkia wa ndege yao. Alinionea huruma, mjomba, naapa, alikwenda kumwita bosi wake. Bosi hakukaa hata kwenye kiti. Akasema tumeandika uongo, wapwa tumewaita watoto, hilo kosa, akaunti imefungwa mpaka uchunguzi. Nikasema basi rudisheni pointi benki, tuhamie kwa wa njano. Akasema, "Kijana, hazirudi."

Maneno yako yaleyale uliyopigia mstari.

Mjomba wewe unajua Kiingereza kikubwa. Waandikie. Wapigie. Waambie kwetu mtoto ni nani. Ile habari ya kiti changu waambie wakifute, sikitaki, walikuwa na haki.

Usimpigie dada. Usimwandikie. Nitamwambia mwenyewe.

Kondo

*

Mwembesongo
3 Aprili 2003

Dada Scholastika,

Shikamoo. Habari njema tupu. Viti vipo, ila ndege ya wiki hii imejaa, kuna Wahindi wana harusi yao, wamechukua ndege nzima. Inayofuata ndiyo yenu. Mimi huenda nisije, Said amenibana na kazi. Hamna shida, nitakufundisha maneno machache ya Kiingereza.

Daktari mwambie karibu sana.

Kondo

*

Nyandira
10 Aprili 2003

Kondo,

Marahaba. Barua ya ndege kujaa nimeipata. Mwanvita aliyeileta alikaa kwa chai ndefu.

Glory amepasuliwa. Yohana alipigiwa simu pale misheni, tukaenda wote kusikiliza. Mtoto ameongea mwenyewe, amesema chakula cha huko kinawasha. Watu walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Faraja nimemsomea barua yako. Amecheka sana hao Wahindi wa harusi. Ameuliza kama bibi harusi naye alipata dirisha. Nimesema ndiyo. Mapichesi yameoza, tumeweka mengine.

Huna haja ya kuandika tena kuhusu siku. Andika mambo mengine ya kumchekesha, nitamsomea.

Scholastika

*

Leicester
14 Aprili 2003

Mpwa wangu,

Nimepiga simu kwa Said, kila mara naambiwa umetoka. Mtu anayetoka hivyo ameajiriwa kazi gani?

Nimewaandikia. Nimewapigia, nimesimama mbele ya dirisha lao hapa mjini kwa sare ya jikoni. Nilimweleza mama mmoja mtu mzima kwamba kwetu nikifa, anayeitwa kuongea ni mtoto wa dada yangu, na akifa yeye, naitwa mimi. Akasema ni utamaduni mzuri sana. Akasema hata yeye anampenda mjomba wake. Kisha akanipa majibu: adhabu hawatoi, kwa kuwa wameona hatukuwa wezi. Akaunti imefunguliwa, lakini kwa mtu mmoja. Mwenyewe. Mimi naweza kuruka, hata kesho, hata mara tatu. Nyinyi hapana.

Nilimuuliza, kama kiti changu kipo na mimi sitaki kukaa, kwa nini asikae mtoto? Akasema samahani bwana.

Sikulaumu peke yako. Mimi ndiye niliyekuambia andika hivyo. Nimekaa huku miaka yote hii, nilipaswa kujua kwamba wao hawahesabu kama sisi. Labda nilijua, nikataka iwe vingine. Lakini nilikuambia nenda ukaulize kwanza, Kondo. Wa njano wangemchukua bila swali.

Nimeomba zamu za usiku pamoja na za mchana, nitakata tiketi mbili kwa mshahara. Zitachelewa, daktari aombwe atusogezee. Na dada yako mwambie leo. Asikae na begi mlangoni akisubiri kisichokuja.

Thobias

*

Nyandira
22 Aprili 2003

Kondo,

Njoo. Usipitie popote, usinunue kitu. Njoo na lile jembe la mama lililobaki kwako.

Ni jana jioni, Jumatatu ya Pasaka. Alikuwa amekaa wima kitandani, begi mapajani.

Nilijua. Mwanvita alinieleza siku ile alipoleta barua yako ya harusi, alisikia kwa Said. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uendelee kumdanganya. Mimi nisingeweza vizuri kama wewe. Amekufa akijua anaondoka wiki inayofuata.

Wazee wamekaa, hawataki kuanza. Wanasema mjomba wake hajafika. Nimewaambia Thobias yuko mbali. Wamesema hawamuulizi Thobias, wanamuuliza mjomba wa mtoto.

Scholastika

*

Nyandira
30 Aprili 2003

Mjomba Thobias,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 14 Mwanvita ameniletea huku huku, nimeisoma siku ya tatu baada ya kumzika. Zamu za usiku acha, mjomba. Magoti yako.

Sikutaka kupanda. Nakuambia wewe peke yako. Nilifika mpaka gari la njegere, nikashuka, nikarudi hadi kwa Said, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaifungua ile akaunti. Maili bado zimejaa pale, zimejipanga vilevile. Nikabonyeza jina la Faraja. Ikaniambia si familia. Ndipo nikachukua jembe.

Nilipofika hakuna aliyenitukana. Nilitamani mmoja anitukane. Watani walikuwepo, wao kazi yao ni kumsema mtu hata msibani, wakaniangalia wakanyamaza, na mtani akikunyamazia ujue. Yohana alikuwepo, amembeba Glory mgongoni. Yule mtoto amenona. Alikuja akanipa mkono kwa adabu, mjomba, na mkono wake una joto.

Dada alinipa chai. Kuhusu pointi hajasema neno mpaka leo, wala hatasema. Ameniuliza kitu kimoja tu, kile kiti cha tatu kilikuwa cha nani. Nikamwambia. Akaendelea kupepeta mchele.

Begi tumelizika naye. Mapichesi pia. Kiatu cha pili kilipatikana chini ya kitanda, dada amekibakiza.

Wewe njoo. Hiyo akaunti ni yako, hawatakuuliza kitu. Kata tiketi ya kwako, uone kaburi la mama na hili dogo la pembeni. Ukae dirishani, na mkifika juu ya mawingu utazame chini vizuri, mimi nilimjibu Faraja bila kujua.

Pale kaburini wazee walisimama wakauliza, mjomba wa marehemu ni nani. Nikasema ni mimi. Hawakuniomba karatasi yoyote. Wakasogea, wakanipisha, nikafukia.

Kondo